Maneno Yangu Yalikuwa ya Kweli, Lakini Nilidanganya



Leo naandika jambo ambalo nimelibeba tangu Kwaresima. Si habari ya mtu mwingine, ni yangu, na sijivunii nayo. Swali lililonisumbua ni hili: je, mtu anaweza kudanganya kwa kusema neno ambalo huenda ni la kweli? Ukiniuliza zamani ningekujibu haraka kwamba haiwezekani, uongo ni uongo na kweli ni kweli. Sasa sijibu haraka tena.

Parokiani kwetu mimi ndiye wanayemwita fundi. Sijasomea popote. Simu ya mtu ikigoma, projekta ya semina ikikataa kuwaka, fleshi ya katibu wa jumuiya ikiingia virusi, jina langu ndilo linatajwa. Na kusema ukweli, ninapenda litajwe. Naomba ulikumbuke hilo, maana shida ilianzia hapo na wala si kwenye kompyuta.

Jumapili moja baada ya Misa ya pili alinifuata mama mmoja wa jumuiya yetu. Tulisalimiana, akafungua leso aliyokuwa ameifunga fundo, akatoa MP3. Unazikumbuka zile ndogo, kama kiberiti, zenye kioo cha ukubwa wa kucha? Ilikuwa ya marehemu mume wake, aliyekuwa mwalimu wa kwaya yetu kwa miaka mingi. Kwaya zetu mnazijua: wengi wetu hatusomi nota, tunaimba kwa kusikia. Kwa hiyo mwalimu alikuwa anakaa chumbani kwake usiku anajirekodi mwenyewe, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, wimbo mmoja faili nne, halafu wanakwaya wanakwenda kuhamishia kwenye simu zao. Hata sauti ya kwanza aliiimba yeye, kwa koo lile lile la besi, na tulikuwa tunacheka sana.

Misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ilikuwa inakaribia. Mama alitaka kwaya iimbe wimbo ambao mwalimu alikuwa ameuanza wakati tayari anaumwa. Hakuna mwanakwaya aliyekuwa na sauti zote nne. Zilikuwa humo tu.

"Mwanangu," akaniambia, "inawaka, lakini kompyuta haiisomi. Iangalie taratibu."

Kifaa kukataa kusomwa na kompyuta si ajabu, na mara nyingi sababu yake ni ndogo. Kwanza ni waya. Waya kamili wa USB wa aina ya kawaida una nyuzi nne ndani, mbili za umeme na mbili za kupitisha taarifa. Zile waya za bei rahisi za mezani sokoni nyingine zina mbili tu, za umeme. Ukichomeka, kifaa kinachaji vizuri kabisa, kompyuta haioni kitu, na wewe unamlaumu asiyehusika. Pili ni tundu lenyewe: badilisha tundu, usitumie kigawanyio. Tatu ni betri. Kifaa kilichokaa droo mwaka mzima kinahitaji kwanza kuachwa kichaji muda mrefu. Nne, vifaa vingine vina namna mbili za kuongea na kompyuta, unazichagua kwenye mipangilio yake: moja inakionyesha kama fleshi ya kawaida, nyingine, inayoitwa MTP, inakionyesha kama chombo cha muziki. Kompyuta ikishindwa namna moja, unajaribu nyingine. Na kabla ya yote hayo, jambo ambalo hata mtoto angelifanya: unachomeka hedifoni masikioni na kubonyeza kitufe cha kuimba. Kama chombo chenyewe kinaimba, basi nyimbo zimo, na tatizo liko njiani tu.

Nayajua haya yote. Nimewafundisha wengine. Siku ile, usiku, nikiwa na simu mkononi na ujumbe unaingia mmoja baada ya mwingine, nilibadilisha waya, nikachomeka, kompyuta ikalia ule mlio wa kukubali, nikafurahi. Kisha likatokea dirisha: lazima uifomati diski hii kabla ya kuitumia. Vitufe viwili. Nikabonyeza kukubali. Ikaniuliza tena kama nina hakika, kwamba kila kilichomo kitafutwa. Nikabonyeza tena. Mkono ulikwenda wenyewe, kama mtu anavyofanya ishara ya msalaba akiwa anawaza mambo mengine.

Ikaisha ndani ya sekunde chache. MP3 ikasomeka vizuri, safi, tupu.

Hapo ndipo nilipokumbuka hedifoni. Sikuwa nimesikiliza. Kwa hiyo mpaka leo sijui, na sitajua kamwe, kama nyimbo zile zilikuwa zinaimba nilipopewa ile MP3 mkononi au la. Inawezekana jedwali la faili lilikuwa limeshaharibika, ndiyo maana dirisha lile likatokea. Inawezekana kabisa. Na juu ya neno hilo "inawezekana" nikajenga nyumba.

Jumatano nilikwenda kwa mama. Shikamoo, marahaba, karibu kiti. Nikamwambia, "Mama, faili zilikuwa zimeharibika, kompyuta ilishindwa kuzisoma." Angalia maneno hayo. Hakuna hata moja unaloweza kulikamata. Kompyuta ilishindwa kuzisoma, ni kweli, hata yeye alijua. Zilikuwa zimeharibika, huenda. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Basi, mwanangu. Umejitahidi." Kisha akanirudishia. "Baki nayo wewe, angalau itakufaa."

Nikabaki nayo! Nikaweka nyimbo zangu kama arobaini hivi, nikawa nakimbia nazo asubuhi.

Sasa turudi kwenye swali. Mtakatifu Augustino aliandika kitabu kizima juu ya uongo, De Mendacio, mnamo mwaka 395. Inafurahisha kidogo kwamba uzeeni alipopitia vitabu vyake alikiona hicho kigumu na chenye kuchanganya, hata akatamani kiondolewe. Lakini jambo moja amelisema wazi. Anayesema kisicho kweli huku akiamini ni kweli, huyo amekosea, hajadanganya. Na anaweza kuwepo mtu anayesema kilicho kweli huku ni mwongo. Kinachopimwa ni nia: moyoni ana hili, mdomoni analeta lile, ili mwenzake apotee. Niliposoma hayo niliona aibu, maana nilikuwa nimejificha nyuma ya sarufi. Nilisema "zilikuwa zimeharibika" kwa kusudi moja tu, mama asije akauliza: nani aliziharibu?

Rafiki yangu mmoja, kijana mwenzetu wa VIWAWA, nilimsimulia. Hakuniona mbaya. Akasema, "Sasa ukimwambia utamsaidia nini? Ameshalia, ameshapokea. Utamfungulia kidonda ili wewe ulale vizuri. Huo nao ni ubinafsi." Na mimi naomba tusimpuuze, kwa sababu hoja yake ina uzito. Hata Kanisa halifundishi kwamba kila ukweli umwagwe mbele ya kila mtu. Mtakatifu Thoma wa Akwino anakubali kwamba yapo mazingira ambapo ni halali kuuficha ukweli kwa busara, bila kusema uongo. Katekisimu nayo, namba 2489, inasema hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Nilishikilia hapo kwa siku kadhaa. Nilikuwa nimepata namba ya Katekisimu ya kunitetea, na ukiwa na namba unajisikia salama.

Mpaka nilipoisoma tena taratibu. Asiye na haki ya kuujua. Je, mama hana haki ya kujua? Kitu chake, sauti ya mumewe, mikono yangu. Kama huyu hana haki, nani anayo? Na kuhusu ubinafsi, nilijiuliza hivi: huu ukimya unamlinda nani? Ungekuwa unamlinda mama kweli, nisingekuwa nakwepa njia inayopita mlangoni kwake.

Juma Kuu nilikwenda kuungama. Nilisema nimedanganya mara moja, nikalipitisha katikati ya dhambi nyingine, kama tunavyojua kufanya. Padre akanisimamisha hapo hapo, akaniuliza nilidanganya kuhusu nini. Nikaeleza kwa kifupi. Nilitegemea mawaidha. Badala yake akauliza swali la kifundi: "Na hiyo MP3 iko wapi sasa?"

Ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilipewa maondoleo, Mungu ni mwema, na ninaamini dhambi ile ilisamehewa pale pale. Lakini kusamehewa na kurekebisha ni mambo mawili, na sisi vijana tunapenda kuyafanya moja. Namba 1459 ya Katekisimu inasema wazi kwamba maondoleo yanaondoa dhambi, lakini hayatengenezi yote iliyoyavuruga. Mtu afanye awezalo kulipa madhara, kama vile kurudisha kilichoibiwa. Na namba 2487 inalisema kwa makosa dhidi ya ukweli hasa: wajibu wa kulipa unabaki hata kwa aliyekwisha samehewa. Zakayo hakungoja aulizwe. Alisimama akaanza kutaja hesabu.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma zaidi. Mimi fundi nilijua jambo ambalo mama hakulijua. Kufomati kwa haraka hakufuti nyimbo. Fikiria kitabu cha nyimbo. Kule mwisho kuna faharasa, wimbo fulani ukurasa fulani. Kufomati kwa haraka ni kuichana faharasa na kutangaza kwamba kurasa zote ni tupu. Nyimbo bado zimeandikwa kule ndani. Zitabaki mpaka mtu aandike kitu kingine juu ya ukurasa ule ule. Ipo programu ya bure, inaitwa PhotoRec, inayopita ukurasa kwa ukurasa bila kuuliza faharasa, na kila inapotambua mwanzo wa faili inalichukua na kuliweka mahali pengine. Nilishawahi kuitumia kwa picha za harusi ya ndugu yangu.

Kwa hiyo usiku ule ule nilioharibu, dawa ilikuwepo. Kwa nini sikuitumia? Nimelifikiria sana hili. Nadhani ni kwa sababu nilipomwambia mama zimekufa, na mimi nilianza kuzihesabu zimekufa. Ukishamzika mtu humtafuti tena. Uongo wangu ulimpoteza mama, lakini mtu wa kwanza kuuamini nilikuwa mimi. Na kila asubuhi nilipokuwa naongeza wimbo wangu mmoja, nilikuwa naandika juu ya sauti yake. Kifaa kilichofomatiwa kwa kawaida huanza kujaza kurasa za mwanzo, kwa hiyo kama kuna kitu nilikuwa nakila, ni zile rekodi za zamani kabisa. Wimbo wa dakika nne ni kama MB nne. Arobaini ni MB mia na sitini. Hesabu ndogo ukilinganisha na GB nne za MP3 nzima, ila hiyo MB mia na sitini ilikuwa na mtu ndani yake.

Nikatoka kanisani nimeamua. Na njiani shetani akanipa wazo zuri ajabu, nawaambieni ukweli. Nitaiendesha programu kimyakimya nyumbani. Zikirudi, nitampelekea mama nikisema, "Mama, sikukata tamaa, nimehangaika nimezipata." Atafurahi. Atalia kwa furaha. Parokia nzima itajua. Hasara italipwa yote, na jina langu litakuwa zuri kuliko mwanzo. Niambieni, kuna ubaya gani? Mama angepata kila kitu chake.

Angepata kila kitu isipokuwa kujua ni nani amekaa naye mezani. Na mimi ningekuwa nimechukua shukrani ya mjane kama malipo ya kumfutia sauti ya mumewe. Kuna malipizi ambayo ni wizi wa pili. Nikaona njia pekee ya kujikinga na mimi mwenyewe ni kwenda kabla ya kujaribu, nikiwa sijui kama kuna chochote kitapatikana. Nikienda baada ya kufaulu, kufaulu kutasema kwa niaba yangu.

Jumatatu ya Pasaka nilikwenda na laptopu begani. Mama alikuwa anachambua mchele. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema, "Mama, ile MP3, mimi ndiye niliyeifuta. Sikusikiliza kwanza. Nilibonyeza tu. Halafu nikakudanganya."

Hakuinua kichwa. Aliendelea na mchele muda mrefu, anatoa jiwe, anaweka pembeni. Kisha akasema, "Uliniambia zimeharibika."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilijilaumu. Nilisema ni kwa sababu niliiacha juani pale dirishani."

Hilo sikulitegemea. Rafiki yangu na mimi tulikuwa tumebishana juu ya kidonda kitakachofunguliwa, na wala hatukufikiri kwamba kilikuwa wazi muda wote, na kwamba mimi ndiye niliyempa kisu ajikate nacho. Pale nilipokwepa kusema nani aliharibu, swali halikubaki bila jibu. Mtu alilijibu, akajitaja yeye.

Nikamweleza kuhusu programu, kwamba huenda ikapata kitu na huenda isipate, na kwamba zile za mwanzo labda nimeshazifunika. Akasema, "Fanya hapa. Nikiona." Nikafanya pale mezani. Kwa atakayekutwa na jambo kama hili: acha kukitumia kifaa mara moja, usiweke chochote juu yake, na kile kinachookolewa kihifadhi kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kifaa kile kile. Na kama kufomati kulikuwa kule kwa muda mrefu, siyo kwa haraka, Windows za miaka hii zinaandika sifuri kila mahali na hapo hakuna tena cha kutafuta. Mimi nilikuwa nimeacha alama kwenye kufomati kwa haraka kwa sababu ndivyo ilivyokuja. Sikuchagua.

Zilitoka faili 63. Programu hii hairudishi majina. Majina yalikuwa kwenye faharasa. Kila faili lilikuja na herufi f na msururu wa namba. Kwa hiyo haikuwezekana kujua kipi ni kipi bila kusikiliza moja baada ya jingine, na mimi nisingeweza kuzitambua peke yangu. Ilibidi mama akae karibu yangu, hedifoni moja sikio lake, nyingine langu.

La kwanza lilikuwa limekatika katikati. La pili kulikuwa na jogoo. La tatu akaanza mwalimu, anahesabu moja, mbili, halafu anasimama: "Besi, mnaburuza." Alikuwa peke yake chumbani, hakuna besi yoyote mle, anawagombeza watu ambao wangemsikia wiki ijayo. Mama akacheka akaweka mkono mdomoni.

Tulifika la kumi na tisa giza likaingia. Ule wimbo tulikuwa tumepata sauti ya pili na ya nne. Akaniuliza, "Na zile za zamani, za wakati tumeoana?"

"Sijaziona, mama. Nadhani hizo ndizo nilizozifuta kwa nyimbo zangu."

Akaitikia kwa kichwa. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Akainuka akabandika chai. Kisha akaniambia nirudi Alhamisi baada ya jumuiya, bado zimebaki arobaini na nne.